Anzia Magamba, siyo mjini

Mleta uzi, mpango wako nimeusoma mara mbili nihakikishe sijaelewa vibaya. Jumamosi ijayo, wewe, mkeo, watoto wawili na mdogo wako. Mnakula mchana Lushoto mjini, mnatoka kama saa nane, mnapanda taratibu kupitia vijiji vya upande wa Kwembago, halafu "kukiwa na kaubaridi ka jioni" mnaingia msitu wa Magamba, mnatokea barabara kubwa, mnateremka kurudi mjini. Mzunguko mmoja mwepesi. Kisha ukauliza viatu, gesti ya bei poa, chakula cha watoto, mwongozaji, na mwezi gani unafaa.

Geuza.

Waliokutangulia kujibu wamekutakia safari njema na kukuwekea vidole gumba. Mimi sina kidole gumba cha kukupa. Mpango huo naujua kwa sababu uliwahi kuwa wangu, mpaka hiyo saa nane, na najua ulikoutoa. Umeutoa kwenye ile video ya yule kijana wa kofia ya pama, yenye muziki wa taratibu na kamera inayoruka juu ya mashamba, ambaye anasema hata bibi yako anaweza na kwamba usikose kuwa msituni jioni kwa sababu mwanga ni wa dhahabu.

Irudie hiyo video uangalie sweta lake. Kijijini amevaa la bluu. Msituni, la kijani. Akitokea barabarani, la bluu tena, na viatu vikavu vyeupe. Mzunguko huo hajauzunguka huyo. Ameenda kijijini siku yake, msituni siku yake, kila mahali pikipiki inamngoja pembeni, halafu akaviunga kwenye kompyuta akatuletea "matembezi mepesi ya saa mbili na nusu". Nilimwandikia chini ya video kumweleza yaliyotupata. Akanijibu kwa moyo mwekundu na kuniomba nijiunge na chaneli.

Sasa sikiliza, maana ukiambiwa geuza bila sababu hutageuza. Nisingegeuza hata mimi.

Tulitoka mjini saa nane na kidogo: mimi, mke wangu na shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana wa Dar aliyeamini kwamba mlima ni ghorofa lisilo na lifti. Kijana wa mapokezi pale gesti nilimuuliza kama ni mbali. Akaniambia, "Hapana, hapo tu, nyuma ya kilima," akionyesha kwa kidevu. Usiku wake nilimlaani, lakini leo simlaumu sana. Mtu aliyekua akipanda miteremko ile na ndoo kichwani, kwake ni hapo tu kweli. Wa video ndiye sijamsamehe.

Vijijini palikuwa pazuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Huwezi kumpita mzee wa Kisambaa aliyekaa kwenye gogo mbele ya nyumba yake ukampungia mkono kana kwamba uko Kariakoo. Unasimama, unamwamkia, anakuuliza mmetoka wapi, mmefikia kwa nani, mvua huko pwani inasemaje. Akitoka huyo anatokea bibi na peasi kwenye kanga, na bibi hakatazwi. Mke wangu ni Mpare. Walipojua, ikawa sherehe: wakaanza kumtania kuhusu Mpare anayeuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, naye akajibu, wakacheka, tukaletewa viti. Ukivikalia hivyo viti huondoki kwa dakika tano.

Halafu shemeji akauliza bei ya kabichi.

Ndugu yangu, usimruhusu mtu wa Dar aulize bei ya kabichi shambani Lushoto. Aliposikia, alishika kichwa. Alisema kuziacha ni dhambi. Akanunua tatu, za ile aina ambayo moja tu unaipakata kwa mikono miwili, na fungu la karoti zenye majani yake. Nikamwambia tuna msitu mbele, akasema si umesema ni matembezi mepesi? Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimesema hivyo tangu Segera.

Tulifika ukingo wa msitu saa kumi na nusu. Kwenye mashamba jua bado lilikuwa linachoma shingo. Tukaingia hatua kama hamsini, nikavua miwani ya jua nikidhani ndiyo inanitia giza. Haikuwa miwani. Miti mirefu ya kule, mikulo na wenzake, imefunga juu, na mwanga unaobaki chini saa kumi na moja ni ule wa sebuleni ukiwa umefunga mapazia. Shemeji akasema hii ndiyo kiyoyozi cha Mungu. Tukapiga picha. Nyingi. Simu yangu ilikuwa ndiyo kamera, ndiyo ramani, na ndiyo iliyokuwa na asilimia ishirini ya chaji.

Kisha ukungu ukaja. Wewe utakuwa unafikiria ukungu wa picha, ule unaoning'inia mbali bondeni. Huu unakujia usoni. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unaigonga milima ya Usambara, unapanda, unapoa, unageuka maji madogo madogo, na msitu ule upo pale kwa sababu hiyo hiyo. Mti wa hatua kumi mbele unaanza kuwa fikra tu. Nguo zinalowa na mvua hainyeshi.

Njia ya kuingilia ilikuwa pana na ya wazi. Baadaye ikagawanyika. Kwenye simu kulikuwa na mstari mzuri wa rangi na kidoti kinachotakiwa kuwa mimi. Kidoti kikawa kinaruka, mara niko upande huu wa korongo, mara upande ule. Nikafanya alichofanya kila aliyepotea kabla yangu: nikachagua njia iliyokanyagwa zaidi. Na kweli ilikuwa imekanyagwa, na akina mama wanaookota kuni. Shika hili kama utasahau mengine yote. Njia ya kuni haina mpango wa kukutoa msituni. Inakwenda mpaka kwenye mti mkavu, inaishia hapo, kwa sababu aliyeikanyaga alipata alichokifuata akageuka kurudi kwake. Tulifuata moja ikaishia kwenye gogo. Tukarudi kwenye njia panda, au tulipodhani ndipo njia panda, tukafuata nyingine ikaishia kwenye kisiki. Ya tatu ilianza kuteremka, tukafurahi, maana tulijiambia Lushoto iko chini na kila kinachoteremka kinaenda Lushoto. Kilichokuwa chini ni kijito na ukuta wa majani.

Mke wangu aliteleza hapo. Udongo ule mwekundu ukilowa una roho mbaya, na mzizi ukiwa juu yake ndiyo kabisa. Kifundo cha mguu kikavimba mbele ya macho yetu. Nikamwambia shemeji atupe kabichi amshike dada yake. Akasema atamshika kwa mkono mmoja, kabichi amezilipia.

Huku kwetu karibu na ikweta jua halina maongezi ya kuaga. Linazama wima. Kule Lushoto linatua kama saa kumi na mbili na nusu, linasogea kidogo tu kwa mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni usiku. Lakini hiyo ni saa ya nje, ya mashambani. Chini ya miti, na ukungu juu yake, saa kumi na mbili kamili sikuwa naona viatu vyangu. Simu yangu ilizima ikiwa inatafuta mtandao. Ya mke wangu ilikuwa imebaki gesti kwenye chaji, kwa sababu tulikuwa tunakwenda "hapo tu". Kilichobaki ni kitochi cha shemeji, kile kisimu cha batani ambacho nilikuwa nimekicheka njia nzima tangu Chalinze. Usiku ule kilikuwa na taa kuliko mimi na elimu yangu yote.

Tukakaa chini. Baridi ikapanda kutoka ardhini. Halafu kitu kikaanza kulia juu ya mti, kwanza kama mlango usiotiwa mafuta, kikapandisha, kikapandisha, kikamalizia na yowe la mtu anayechinjwa. Shemeji alisoma dua zote alizofundishwa madrasa, na nadhani alichanganya na ya kula. Kesho yake tukaambiwa ni perere, kamnyama kadogo ka manyoya kanakoishi mtini na kula majani. Mwenye video hakutaja perere.

Waliotutoa ni vijana wawili waliokuwa wanatafuta mtamba wao aliyekata kamba. Mtamba hakuonekana usiku ule, tulionekana sisi. Mmoja akatumulika tochi tangu miguuni mpaka usoni, akaona kabichi, akauliza kwa heshima kabisa, "Shikamooni. Mlikuwa mnazipeleka wapi?"

Walitutoa kwa njia ambayo sikuiona hata nilipokuwa nimesimama juu yake. Tukatokea kijiji kingine kabisa, mtu akaenda kugonga mlango wa mwenye boda, boda zikashuka kwenye ukungu usiku kwa bei ya kuokoa roho, na sikuomba punguzo. Basi la alfajiri la kurudi Dar liliondoka na viti vyetu vitupu huku sisi tuko hospitali tunasubiri picha ya mguu. Mfupa haukuvunjika, ila mke wangu alitembelea fimbo kwa wiki kadhaa, na mpaka leo nikisema neno "matembezi" ananiangalia tu. Shemeji alitakiwa kazini Jumatatu asubuhi. Alimwambia bosi wake alipotea msituni, bosi akamuuliza kwa nini basi ana kabichi za kugawa ofisi nzima. Akakatwa mshahara.

Sasa chukua mzunguko huo huo, vijiji hivyo hivyo, msitu huo huo, uanzie upande wa pili. Asubuhi panda boda au gari kutoka mjini mpaka Magamba, ni kilomita chache za barabara. Ingia msituni saa mbili, saa tatu ukichelewa sana. Tokea upande wa mashamba kabla ya adhuhuri, teremka na vijiji mpaka mjini ukila, ukisalimia, ukinunua. Msitu asubuhi, vijiji jioni. Ndiyo sheria yangu, na sina nyingine.

Magamba iko juu kuliko mjini, kwa hiyo sehemu kubwa ya kupanda unaiacha kwa injini, na watoto wako watakushukuru. Mbega asubuhi wanakaa juu kabisa ya miti kuota jua, weupe wao unaonekana, mwanao atawaona bila kuonyeshwa mara saba. Ukungu upo asubuhi pia, sitakudanganya, siku nyingine mzito kuliko wa jioni. Lakini wa asubuhi unaondoka, wa jioni umekuja kulala. Ukipotea saa nne una saa nane za mwanga za kujirekebishia. Ukipotea saa kumi na moja umekwisha.

Na vijijini ukichelewa, unachelewa mbele ya watu. Kuna duka, kuna chai, kuna kijana wa boda amelalia tangi, kuna mzee kwenye gogo atakayesema, "Njia ni ile, usishike ya kushoto." Mtoto akigoma kutembea kijijini unamkodia pikipiki. Akigoma katikati ya msitu unambeba. Salamu nazo: ukiwa na msitu mbele kila salamu inakula mwanga wako, na unaanza kuwajibu wazee kwa kuchungulia saa, jambo la aibu. Ukiwa umeshamaliza msitu, kaa. Kunywa chai. Acha mkeo ataniwe. Na sokoni hali kadhalika: atakayenunua kabichi atainunua mwishoni na kuibeba kwa mteremko.

Kuna mtu hapo juu kasema ukigeuza utakosa machweo. Machweo ya wapi? Msituni hakuna machweo, kuna kuzimwa taa. Jua linaonekana likizama ukiwa kwenye matuta ya mashamba, ambako wewe kwa mpango wangu utakuwa saa kumi na mbili ukitafuna hindi la kuchoma. Kwa mpango wa kofia ya pama utakuwa ndani ya korongo ukimulikwa na kitochi.

Mwingine kasema yeye alipita jioni na hakuona shida. Mkuu, ulipita Januari, kukavu, ukiwa peke yako, umesema mwenyewe huko juu. Usimpime kwa kipimo hicho mtu mwenye watoto.

Haya, uliuliza mwongozaji. Chukua. Chukua aliyezaliwa kule, mpatane bei na saa ya kuanza mkiwa bado mjini, na akikwambia "twende mchana bosi, hakuna shida", tafuta mwingine. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo kuna kiingilio. Mwambie mwongozaji wako mkalipe kabla, kwa namba ya malipo ya serikali, upewe risiti. Mtu akitaka fedha mkononi njiani, cheka naye, mpite. Faida nyingine ya kulipa kwanza ni kwamba kuna mtu anajua uko ndani. Sisi tulijipenyeza kutokea mashambani, hakuna aliyejua tuko wapi isipokuwa perere.

Mwezi: siyo Machi mpaka Mei, ile ni masika, njia zinageuka sabuni na hata barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni huwa na maporomoko. Vuli nayo, Oktoba mpaka Desemba, ni bahati nasibu. Juni mpaka Agosti ni baridi kweli, siyo ya Dar mnayoivalia kizibao. Beba sweta kwa kila mtoto na lingine la ziada. Viatu, chochote chenye meno chini. Raba zilizolainika kama za shemeji ziache nyumbani.

Chaji simu. Zote. Na beba kitochi kimoja cha batani, usione haya.

Kuhusu gesti wengine watakusaidia, mimi ile niliyolala siitaji na ile iliyobaki siijui. Chakula cha watoto... Lushoto hakuna mtoto aliyewahi kulala njaa, kuna makande, kuna maziwa, kuna matunda mpaka wachoke. Lakini saa ya kula isikuvurugie saa ya kuanza. Wakishaamka, chai na mkate, mwingine mle njiani, muingie msituni. Hiyo "mnakula mchana mjini kwanza" ndiyo iliyonifanya nifungue simu kukuandikia.

Na kama kwa sababu yoyote hamuwezi kuamka, mkeo anataka kulala, mtoto ana homa, mdogo wako ni kama shemeji yangu, basi msiguse Magamba siku hiyo. Nendeni Irente. Ni barabara ya kawaida kutoka mjini mpaka kwenye jabali, magari yanapita, nyumba ziko njia nzima, na ukifika mwisho unaitazama tambarare ya kule Mazinde chini ya miguu yako mpaka kichwa kizunguke. Mnarudi kwa njia ile ile mliyoendea. Siyo mzunguko, najua umesema unataka mzunguko. Hiyo hata ukianza saa tisa utarudi, ila mshike watoto mikono pale ukingoni, hakuna uzio wa kuuamini.

Magamba mtaenda Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi mko kwenye boda. Niambie kama umegeuza.